Likizo ya mtu wa mpakani: kutoka Tunduma hadi Kilwa Kisiwani

Ukisema hapa Tunduma, mpakani na Zambia, kwamba unakwenda likizo, watu watakuuliza kijijini kwenu ni wapi. Likizo kwetu ni Desemba. Ni mfuko wa mchele wa Kyela kwenye buti la basi, kuku wawili waliofungwa miguu, na kwenda kuwasalimu wazee na kuangalia kama paa lao halivuji. Asiyekwenda kijijini anabaki dukani, maana Desemba ndiyo mwezi wenye fedha. Habari ya mtu kufunga duka wiki nzima, kuchukua mke na watoto na kwenda kutazama mji wa kale kando ya bahari, alale, ale samaki, arudi, bado inasikika kama mambo ya wazungu.

Na wazungu kweli wanafanya hivyo. Kila kiangazi chao bandari za kale za Mediterania hufurika wageni mpaka wenyeji wanalalamika. Venice imefika mahali pa kutoza ada ya kuingia mjini kwa wageni wa kutwa. Ilianza mwaka 2024, euro 5 kwa kichwa katika siku zenye msongamano. Wanacholipia kukitazama si muujiza. Ni nyumba za mawe zilizojengwa na wafanyabiashara, maghala, majengo ya forodha, na makanisa yaliyopambwa kwa faida ya pilipili na hariri. Ni mji ambao haukulima wala kuchimba kitu cha maana, bali ulikaa mahali mzigo unapopita.

Mji wa namna hiyo tunao. Mtu wa Tunduma anaufikia kwa basi, bila pasipoti, na nauli yake haimlazimu kuuza shamba. Unaitwa Kilwa Kisiwani. Na mimi naamini katika Watanzania wote, mtu wa Tunduma ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kwenda kuuona. Wa Dar es Salaam atakwenda kupunga upepo. Mwanafunzi atakwenda kwa sababu ya mtihani. Mtu wa mpakani atakwenda kuona wenzake wa karne ya 14 waliokula mkate ule ule anaokula yeye: mzigo wa watu wengine.

Asiyeamini asimame asubuhi kando ya barabara inayoelekea getini. Malori yanayokwenda yamebeba mafuta, mbolea na salfa ya migodini. Magari ya IT, yale yanayopelekwa nchi jirani, yanapita moja moja, viti bado vimefunikwa nailoni, dereva ametupia taulo shingoni. Malori yanayorudi yamebeba shaba ya Zambia na Kongo: mabamba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mzigo unaoonekana mdogo juu ya trela refu kwa sababu ya uzito wake. Hakuna kati ya vitu hivyo kinachotengenezwa Tunduma, na kinachobaki Tunduma ni kidogo sana. Lakini dereva akisimama anakula kwa mama lishe, anaweka vocha, anabadilisha kwacha, anatafuta gesti, anamsubiri wakala wa forodha. Utingo naye ana mahitaji yake. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa na marais Magufuli na Lungu Oktoba 2019, kililetwa ili malori yasilale. Mji ulishangilia, ingawa nawajua wenye gesti ambao hawakushangilia kwa moyo wote.

Njia ya kushuka pwani

Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Juni asubuhi mtu huongea na mvuke unamtoka mdomoni. Safari ya Kilwa basi ni safari ya kuvua nguo kidogo kidogo. Basi linaondoka kabla ya alfajiri. Mbeya mko na makoti, Makambako mnayahitaji zaidi, na mkishamaliza mteremko wa Kitonga mtu anaanza kufungua vifungo. Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu, sweta liko mapajani. Jioni mnaingia Mbezi, Dar es Salaam, mkiwa mmekula zaidi ya kilomita 900. Hapo ni kulala. Usijitie ushujaa wa kuunganisha usiku uleule.

Kesho yake unakwenda Mbagala kuchukua basi la kusini. Kutoka hapo hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Mnavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003; wenye umri wanakumbuka foleni ya kivuko kabla yake, na mvua ambazo zilikuwa zikiikata kusini na nchi nzima. Mvua hazijaacha kabisa mchezo huo. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo masika si wakati wa safari hii. Nenda kati ya Juni na Oktoba, wakati huku kwetu baridi inauma na kule pwani kuna upepo mzuri.

Wapo watakaotamani kushuka kwa treni. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, imepita mjini kwetu tangu miaka ya 1970, na kipande cha kutoka Makambako kushuka Mlimba, mahandaki na madaraja juu ya makorongo, ni bora kuliko chochote utakachokiona dirishani mwa basi. Ila ratiba yake ulizia stesheni, usiulizie kwa jirani. Na ipo njia ya tatu isiyo ya mtu mwenye haraka: Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, kisha pwani hadi Lindi na kurudi juu kuelekea Kilwa. Sehemu kubwa ya njia hiyo inapita nchi ambayo misafara ya karne ya 19 ilipita kwa miguu kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa. Nitairudia baadaye, kwa sababu misafara ile haikubeba pembe tu.

Mji wenyewe

Kilwa ziko tatu, na mgeni huchanganyikiwa. Kilwa Masoko ni makao ya wilaya, ndiko kwenye gesti, hoteli chache za ufukweni, soko na ofisi. Kilwa Kivinje iko kaskazini yake, mji wa karne ya 19 unaozeeka taratibu. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kilicho mbele ya Masoko, kiasi cha kilomita 2 hivi za maji. Unapata kibali ofisi ya mambo ya kale pale Masoko, unapewa mwongozaji, unapanda mashua. Sisi wa bara tunaogopa maji, hilo lisikuaibishe. Bahari ile imekingwa na visiwa na asubuhi huwa imetulia. Anayekwenda na mtoto adai jaketi la kuokolea kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Mashua inakaribia na jambo la kwanza unaloliona ni Gereza, ngome ya mawe iliyosimama karibu kabisa na maji. Wageni wengi wanapiga picha pale na kudhani ndiyo Kilwa. Gereza ni la mwisho katika hadithi. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 wakaiacha mwaka 1512, na jengo linaloonekana leo ni kazi ya Waomani wa karibu mwaka 1800. Mwambie mwongozaji akupeleke kwanza msikitini.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza katika karne ya 11 au ya 12 kama chumba cha wastani upande wa kaskazini. Kisha dhahabu ikaja, na msikiti ukapanuliwa kuelekea kusini, ukawa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kwanza. Ukisimama katikati ya sehemu hiyo mpya unazungukwa na nguzo za pembe nane, na juu yako kuna kuba ndogo na dari za umbo la pipa, baadhi zimesimama, nyingine zimeanguka na kuacha mbingu. Weka kiganja kwenye nguzo. Mkononi zinabaki chembechembe nyeupe, na ukisogeza jicho karibu unaona matundu madogo kama ya sega la nyuki. Ni matumbawe. Waliyakata baharini yakiwa bado laini, wakayachonga kabla hayajakauka, wakayaunganisha kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Bahari iliwapa mteja, ikawapa na tofali.

Mwenye kupenda kazi ya mikono asikose msikiti mdogo wenye kuba, hatua chache kutoka hapo. Darini mafundi walipachika bakuli za kauri kutoka ng'ambo kama mapambo, kila moja katikati ya duara lake. Nyingi zimeng'olewa zamani. Yamebaki mashimo ya mviringo yanayoonyesha ukubwa wa kila bakuli.

Halafu Husuni Kubwa. Hii ni mwendo kidogo kwa miguu au kwa mashua, juu ya genge linalotazama mlango wa bahari. Aliijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na maandishi yaliyochongwa yenye jina lake yalipatikana humo. Ina vyumba kama 100, baraza za hadhira, ngazi zinazoshuka mpaka majini, na bwawa la kuogelea la pembe nane lenye vidaraja vya kushukia. Watoto wote wanaofika huuliza maji yalitoka wapi, na jibu ni fupi: yalibebwa. Kila ndoo ilipandishwa na mtu. Ukiwa umesimama kwenye ukingo wa bwawa lile, utajiri wa Kilwa unakuwa na sura ya mabega ya watu.

Lakini mimi kilichonishika zaidi ni upande wa kusini wa jumba. Ukitoka kwenye vyumba vya sultani unaingia ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vidogo vilivyopangwa sawasawa, na wachimbaji waliofanya kazi hapo na mwanaakiolojia Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 waliona kwamba hayo ni maghala. Sultani alilala ukuta kwa ukuta na mzigo. Mwenzangu tuliyekuwa naye, mwenye duka la jumla karibu na stendi ya Tunduma, alizunguka ua ule kimya, akahesabu milango, kisha akasema, "Huyu mzee alikuwa hamwamini mtunza stoo."

Risiti ya Kilwa

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka Kilwa. Alikuwa mtu wa Tangier, mwambao wa Morocco, na kabla ya kuja huku alikwisha kuuona mji wa Alexandria na mnara wake maarufu, Cairo, Damascus, Baghdad na Maka. Alipoandika kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote aliyoiona, hakuwa mshamba aliyeona ghorofa mara ya kwanza. Aliandika pia juu ya sultani yule yule wa Husuni Kubwa, aliyesifika kwa kutoa. Ijumaa moja, baada ya sala, maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akarudi ndani, akazivua, akampa. Mtoto wa sultani akazikomboa nguo za baba yake kwa kumpa maskini yule watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyosifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Hadithi hii husimuliwa kwa wageni ili wastaajabie ukarimu. Mimi nawastaajabia wale ishirini, waliotolewa kama chenji.

Fedha ilitoka wapi? Dhahabu ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo. Kilwa ilikuwa na bahati ya mahali: majahazi ya Arabuni na India yakija na upepo wa kaskazi yanaweza kufika Kilwa na kurudi na kusi katika mwaka mmoja, lakini kwenda mbali zaidi kusini ni kujihatarisha kukosa upepo wa kurudi. Kwa hiyo mzigo wa Sofala ulisubiriwa Kilwa. Vitambaa na shanga vilishuka, dhahabu na pembe vikapanda, na sehemu ya dhahabu hiyo ilipita Aden na Bahari ya Shamu mpaka masoko ya Misri, mlangoni mwa Mediterania. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe. Nyingine za Kilwa, za shaba, ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia na mwanajeshi aliyekuwa zamu, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje.

Sasa hapa ndipo mtu wa Tunduma anapaswa kuvuta kiti. Mreno mmoja, Diogo de Alcáçova, alimwandikia mfalme wake mwaka 1506 kumweleza biashara ya pwani hii ilivyo, na barua yake inasomeka kama maelekezo ya forodha. Mfanyabiashara akiingia Kilwa na vitambaa analipa. Akitoka Sofala na dhahabu lazima apitie Kilwa, na katika kila mithkali 1,000 anaacha 50. Na yule mjanja atakayeipita Kilwa kwa mbali usiku? Akifika Mombasa anaulizwa uthibitisho kwamba amelipa Kilwa. Hana? Anakatwa pale pale, na fedha inarudishwa kwa mfalme wa Kilwa. Asilimia 5, stakabadhi, na vituo viwili vinavyosomana, zaidi ya miaka 500 iliyopita, bila mtandao wa kukatika katika saa za kazi.

Ipo pia simulizi ya kuanzishwa kwa mji, iliyomo katika historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo Wareno nao waliipata wakainakili. Inasema Ali bin al-Hassan aliyetoka Shiraz alikinunua kisiwa kutoka kwa mkuu wa bara kwa bei moja: vitambaa vya kukizunguka kisiwa chote. Wanahistoria wana mashaka na Mshirazi huyo na tarehe zake. Wengi leo wanaiona Kilwa kuwa ni mji wa Waswahili wenyewe, uliokua kutoka kijiji cha wavuvi na wahunzi. Lakini anayeuza vitenge anajua kwa nini simulizi ilichagua kitambaa wala si ng'ombe. Yule mwenzangu wa duka la jumla alikitazama kisiwa tulipokuwa tunaondoka, akasema pisi zingekuwa nyingi mno, huyo mkuu wa bara alijua kupatana.

Mzigo ulipobadili njia

Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akiwa na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa ushuru wa dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Kilwa, iliyozoea kutoza, ikatozwa. Dhahabu ile ilifuliwa Lisbon mwaka 1506 na kuwa chombo cha ibada kilichopambwa kwa rangi, kazi ya sonara Gil Vicente, na mpaka leo kimo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale mjini humo. Mtalii wa Ulaya anayekwenda Lisbon anaweza kuiona dhahabu ya Kilwa bila kujua Kilwa iko wapi. Aendaye Kilwa hataiona hata chembe.

Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi la merikebu, akauteka na kuupora mji, akamweka mtawala wa kumtii na kujenga ngome. Mwaka huo huo Wareno wengine wakajenga ngome Sofala kwenyewe. Hili la pili ndilo lililoimaliza Kilwa, kuliko mizinga. Mtu akishakamata chanzo cha mzigo, hana haja tena ya kusimama katikati ya njia. Miaka saba baadaye Wareno waliiacha ngome ya Kilwa, haikuwa na kazi.

Mji haukufa siku moja. Mwaka 1587 ulivamiwa na Wazimba waliotoka bara, na masimulizi ya mtawa wa Kireno João dos Santos juu ya uvamizi huo ni ya kutisha. Katika karne ya 18 ulipata pumzi tena, lakini kwa bidhaa nyingine. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitiliana saini na Mfaransa aliyeitwa Morice mkataba wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Kuta za Makutani, jumba la masultani wa wakati huo, bado zimesimama kisiwani. Ni nzuri, na zinapendeza zaidi jua likiwa chini. Mwambie mtoto wako pia nani aliyezilipia.

Biashara hiyo ikahamia bara, Kilwa Kivinje, na katika karne ya 19 Kivinje ikawa mlango mkubwa wa misafara ya Ziwa Nyasa. Ndiyo ile njia ya tatu niliyoitaja. Waliotembezwa humo walikuwa watu wa kwetu na wa jirani zetu, wa nyanda zinazoteremka ziwani. Siku ya pili ya likizo ipe Kivinje. Ni mwendo mfupi kwa gari kutoka Masoko: nyumba za mawe zilizofumuka, boma la Wajerumani, milango michache ya kuchonga iliyobaki, na mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, panapokumbukwa walionyongwa na Wajerumani, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, Vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Matumbi vya wilaya hiyo hiyo. Kula mchana hapo Kivinje, wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Ni bora kuliko niliokula Masoko, na sina sababu ya kuficha.

Nilipokuwa kwenye maghala ya Husuni Kubwa nilikuwa nikiwaza Lobito. Bandari hiyo ya Angola, upande wa Atlantiki, imeunganishwa na reli hadi mpaka wa Kongo, na Marekani na Umoja wa Ulaya wameweka fedha ili shaba ya Kongo na Zambia ipelekwe magharibi. Tani inayokwenda Lobito haipiti Tunduma. Upande wetu nako kuna mwendo: mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilikubaliana na kampuni ya Kichina kuifufua TAZARA kwa mradi wa dola bilioni 1.4. Hiyo ni habari njema kwa bandari ya Dar es Salaam. Kwa mama lishe wa foleni ya malori sijui kama ni njema, maana behewa halishuki kunywa chai. Masultani wa Kilwa walijenga msikiti na jumba wakati dhahabu inapita, na hivyo wageni bado wanavuka bahari kutazama. Tunduma mpaka sasa tumejenga fremu za maduka.

Na kwa anayetaka kuona kitu chetu kabla ya kushuka pwani, kimondo cha Mbozi kiko njiani, upande wa Vwawa. Tani kama 16 za chuma kutoka angani. Nimekutana na Mjapani aliyekuja kukitazama, na nimekutana na mtu mzima wa Tunduma ambaye hajawahi.

Mambo ya kawaida ya safari

Chukua fedha taslimu ya kutosha. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Kati ya 2004 na 2014 yalikuwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu bahari ilikuwa ikila kuta. Usipande juu ya ukuta kwa ajili ya picha. Songo Mnara ni kisiwa kingine, mbali zaidi, kinataka siku nzima na kujua saa za maji kujaa na kupwa. Nahodha atakuambia, msikilize. Wanawake wachukue khanga, wanaume wasitembee kisiwani vifua wazi. Kisiwani ni kijiji cha watu wanaoswali na kuvua, na watoto wanaocheza mpira ndani ya kuta za karne ya 15 wana haki zaidi ya uwanja ule kuliko kamera yako.

Tulipumzika karibu na gati, kivulini, tukisubiri mashua. Mzee mmoja alikuwa akishona wavu. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akauliza tumetoka wapi.

"Tunduma."

"Tunduma ya Mbeya?"

Tukamwambia kwamba tuko Mkoa wa Songwe tangu mwaka 2016. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia mikoa mingi. "Huko si ndiko kunakopita magari ya Kongo?"

"Ndiko."

"Na samaki mnakula wa wapi?"

Tukamtajia migebuka na dagaa wa Tanganyika, na samaki wa Rukwa. Wa baharini hawafiki? Wanafika wachache, wa kukausha, na bei yake si ya kila mtu. Akaweka wavu chini. Pale Masoko, ng'ambo ya maji, serikali ilikuwa ikijenga bandari ya uvuvi. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais Samia Septemba 2023, na gharama yake ni zaidi ya shilingi bilioni 260. Mzee alitaka kujua lori la barafu linatumia siku ngapi kutoka Masoko hadi Tunduma, dereva analipwa kiasi gani, na Wakongo wanapenda samaki gani. Mwenzangu wa duka la jumla akavuta tofali la matumbawe, akaketi, akatoa kalamu.